Ukipangiwa shule ya wavulana, soma hii kabla hujampa kiranja karatasi

Juzi nimepita nje ya darasa la sita jioni nikamwona mwalimu wetu mpya akimkabidhi kiranja karatasi na kalamu nyekundu. "Andika wote watakaopiga kelele, nikirudi nisikute karatasi tupu." Kisha akaenda zake kunywa chai. Nilitaka kumwita palepale, nikajizuia, maana mwalimu mpya ukimkosoa mbele ya wavulana arobaini umemmaliza muhula mzima. Basi naandika, kwa ajili yake na wenzake, na kwa ajili yenu wa BTP, wanachuo wa mazoezi ya kufundisha, mnaokuja kila mwaka na marobota ya karatasi za manila mkiamini kwamba shule ya wavulana ni shule ya kawaida iliyopunguzwa wasichana.

Andalio la somo sitawafundisha, chuo kimewachosha nalo. Ila msisubiri mdhibiti ubora aonekane getini ndipo muanze kujaza wiki tatu kwa kalamu moja na mwandiko mmoja. Tunaziona, na yeye anaziona.

1. Majina. Darasa la tano langu lina Emanueli watatu na Juma wawili, na wao wenyewe walishalitatua hilo kabla yangu: Emma Mrefu, Emma Simiyu, Emma Kobe. Usiyatumie majina ya bwenini mpaka ujue yalitoka wapi. Mwenzangu mmoja alimwita "Kobe" mbele ya mama yake siku ya kutembelewa, na mama akataka aelezwe.

2. Kipindi cha baada ya makande. Dakika zako 40 unazo kwenye ratiba, lakini wavulana walioshiba makande juani ni watu wengine kabisa. Usianzishe mada mpya saa hiyo. Mimi niling'ang'ana kufundisha sehemu saa nane mchana. Nikauliza ipi kubwa, moja ya tano au moja ya nane? Darasa zima, kwa kujiamini: moja ya nane! Nikachora duara, nikalikata, nikapaka rangi. Moja ya nane. Nikachora jingine. Mwishowe mtoto mmoja wa dawati la nyuma, ambaye nilidhani amelala, akamgeukia jirani yake: "We, ungepewa mkate ungetaka mgawane watano au wanane?" Kukawa kimya kidogo, halafu ikaja "aaah" moja ndefu kutoka kila kona.

Jioni nilimwomba patroni anipeleke nione wanavyogawana huo mkate. Mkate juu ya tranka, rula ya sentimita thelathini imelazwa ubavuni, mmoja anatia alama kwa mpini wa kijiko huku wengine wameinama hadi vichwa vinagongana. Na wana sheria: anayekata huchukua kipande cha mwisho. Hakuna aliyewafundisha. Nimeona vikao vya walimu vikishindwa kugawana posho kwa haki ya namna ile. Kwa hiyo kabla hujakata manila, nenda kaangalie hesabu wanazozijua tayari.

3. Fimbo. Kila mwaka mmoja wenu huja na fimbo ya mpera kwapani, eti wavulana hawaelewi lugha nyingine. Kanuni za elimu za Tanzania za 2002 zinasema adhabu ya viboko ni ya mwalimu mkuu, au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, haizidi vinne, na inaandikwa kitabuni. Wewe wa miezi miwili una barua gani? Rudisha kwenye mpera.

4. Karatasi ya wapiga kelele. Hapa nitakaa kidogo, mniwie radhi.

Zamu yangu ya kwanza ya prepo, yaani kujisomea usiku, nilikabidhiwa darasa la sita lililoshindikana. Mwalimu aliyenitangulia akanipa siri yake: mpe kiranja karatasi. Nikampa. Nikaongeza na la kwangu, ambalo nililiona la busara sana: "Karatasi ikija tupu, naanza na wewe." Usiku ule darasa lilitulia hadi nikawasikia mbu. Nilirudi nyumbani nikajisifu kwa mume wangu.

Tangu hapo kila asubuhi karatasi ilinisubiri mezani, imekunjwa mara nne, ndani majina matano au sita. Nayasoma mstarini, wanatoka mbele, nawagawia kazi: hawa vyooni, hawa wakasombe maji ya jikoni, hawa wakafyeke nyuma ya bweni. Mambo yakanyooka hata mwalimu wa nidhamu akanitaja kikaoni kama mfano. Majina yalibadilika-badilika, isipokuwa moja. Nitamwita Baraka, ingawa si jina lake.

Baraka alikuwa mdogo wa umbo, mtoto aliyelelewa na babu yake, mpole kiasi kwamba akijibu swali darasani ilibidi nisogee mpaka dawatini kwake nimsikie. Sasa mtoto ambaye mchana husikii hata anapumua, usiku anaongoza kwa kelele, na mimi mwenye cheti changu cha ualimu sikujiuliza. Niliamua tu kwamba ni mnafiki. Nikamwambia hivyo, kwa neno hilohilo, mbele ya wenzake. Akawa mtu wa vyoo karibu kila asubuhi, na vyoo vilisafishwa muda uleule ambao wenzake walikuwa wanasomewa hadithi na mwalimu wa Kiswahili kabla ya kipindi cha kwanza. Alama zake za Kiswahili zikaporomoka. Kwenye ripoti ya muhula nikaandika: "Aache utundu."

Siku moja nikasoma jina lake mstarini, la kwanza kama kawaida. Hakutoka. Nikarudia kwa ukali. Nyuma wakaanza kucheka, kile kicheko cha kubana pua. Matroni akanisogelea, akaninong'oneza: "Madamu, huyo si tumempeleka zahanati jana mchana? Ana malaria, amelazwa. Kibali cha kutoka umesaini wewe."

Nilimwita kiranja ofisini. Nilijiandaa kwa ubishi, lakini hakukana lolote, hata bei alinitajia. Kijiko cha sukari ulale salama usiku mmoja. Kipande cha sabuni, siku mbili. Nyama ya Jumapili, wiki nzima. Aliyelipa hakuandikwa, hata kama alipanda juu ya dawati akaimba. Wenye wazazi wanaokuja kutembelea walikuwa na cha kulipa. Baraka hakutembelewa, babu alikuwa mbali na nauli ilikuwa shida, kwa hiyo yeye ndiye aliyejaza nafasi zilizobaki.

Nikapandisha sauti: na jana je? Umemwandikaje mtu ambaye hayupo shuleni? Akaniangalia kwa uvumilivu, kama anamweleza mgeni njia ya kwenda stendi. "Jana wote walikaa kimya, Madamu. Na wewe ulisema karatasi ikija tupu unaanza na mimi."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumshushia. Nikaufunga. Mtoto wa miaka kumi na miwili nilimpa upolisi, nikampangia idadi ya kukamata kila usiku, halafu nikashangaa alipopata njia ya kuitimiza. Alikosea, ndiyo, na sukari za watu alizirudisha kijiko kwa kijiko mpaka muhula ukaisha. Lakini biashara ile nilimfungulia mimi, na mtaji nikampa.

Zahanati nilikwenda jioni ileile na machungwa. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumwomba radhi. Baraka akasikiliza mpaka mwisho, akasema "Haya, Madamu," kisha akauliza kama insha za Ijumaa zimeshasahihishwa. Alipopona nikarudia mstarini, kwa kuwa aibu niliyompa ilikuwa ya mstarini, na nawaambieni usaili wa kazi ni mwepesi kuliko dakika zile. Ile ripoti ilikuwa imeshakwenda kwa babu. Nikaandika barua kuifuta. Jibu halikuja, na babu mwenyewe sikuwahi kumwona.

Siku hizi nikiwa zamu ya prepo nakaa ndani na madaftari yangu, nasahihisha. Nikishindwa kukaa, nawaachia kazi yenye mwisho: maswali kumi, ukimaliza soma unachotaka. Kelele nyingi za prepo ni za watoto wasio na cha kufanya. Kiranja anagawa vitabu, anafunga madirisha, anakuja kuniita mtu akiumwa. Karatasi hana.

5. Mchekeshaji. Kila darasa lina mmoja, na ninyi mnampenda kwa wiki mbili, ya tatu mnamtoa nje. Kabla hujamtoa, kaeni wawili umpe kitabu asome. Mtazame kidole. Wapo wavulana darasa la tano ambao kidole kimebaki mstari wa kwanza wakati mdomo umeshamaliza aya, kwa sababu aya yote wameikariri kwa kuwasikiliza wenzao. Hawajui kusoma, na wamegundua kwamba darasa likicheka hakuna anayekumbuka kuwa zamu ya kusoma ilikuwa yao. Mmoja wa namna hiyo nilimfundisha silabi kwa siri, akisingizia kuja ofisini kunifutia vumbi kabatini. Kabati lile halijawahi kung'aa vile. Siku aliyosoma mwenyewe tangazo la chakula ukutani, alilisoma kwa sauti ya mtangazaji wa mpira, maana uchekeshaji haukumtoka na wala sikutaka umtoke.

6. Fagio. Raha ya shule ya wavulana ni kwamba hakuna wa kumsukumia ufagio. Wanafagia, wanadeki, wanaosha masufuria, wanashona vifungo. Tatizo linaanzia kwetu: mwalimu mpya akitaka chai anamtuma kijana, kikombe anamwachia mama wa jikoni aoshe. Osha kikombe chako, wanakuona.

7. Anayekojoa kitandani. Matroni anamjua, wewe huna haja ya kumjua, na godoro lake halianikwi mbele ya mstari.

8. Mpira. Usimfungie mtoto michezo kwa sababu ya hesabu. Utapata mtoto asiyejua hesabu na asiyekimbia. Na msimu wa UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, ukifika, panga mapema masomo ya fidia kwa wachezaji, badala ya kulalamika chumba cha walimu kwamba dawati la mbele liko tupu.

9. Siku ya kutembelewa. Usikae ofisini ukisubiri zawadi ya kuku. Zunguka uwanjani, chini ya miti, uone nani kakaa na nani. Kuna akina mama wanaokuja na hotpoti la pilau kwa mtoto mmoja wakaishia kulisha kumi, na wale tisa wengine ndio unaotakiwa kuwajua. Nina daftari dogo la majina ya wasiotembelewa, na Jumatatu inayofuata ndio ninaowapa kazi za kupendeza: kupeleka barua ofisini, kupiga kengele, kushika funguo za stoo ya mipira. Wenzao hawajagundua. Wakigundua nitabadilisha mbinu.

10. Wadogo wa kutwa. Tangu serikali ilipozuia bweni kwa awali hadi darasa la nne, Machi 2023, bwenini kwetu ni la tano kwenda juu. Sasa mtoto anayetoka kwa mama yake kila asubuhi anaingia la tano, na wiki hiyohiyo anaambiwa atandike kitanda, afue soksi na alinde sukari yake. Muhula huo wa kwanza wa la tano usiwapime kwa mtihani tu. Mpe kila mmoja kaka wa la saba, umchague wewe mwenyewe, usiache bweni limchagulie.

Na hao wa la saba nao wanatuandalia mambo. Walioanza mtaala mpya darasa la tatu mwaka 2024 wanamalizia la sita mwaka 2027, mwaka uleule wa la saba wa mwisho. Madarasa mawili ya wahitimu kwenye shule moja ya wavulana, yote mawili yanaamini ndiyo wakubwa. Uliza nani atakuwa kiranja mkuu uone kikao kitakavyowaka. Mimi nimependekeza wawili wenye mamlaka sawa. Mwalimu wa nidhamu anasema nimechanganyikiwa. Tutaona.

11. Mpishi. Mwenye taarifa za shule ni mpishi, taaluma wanafuata. Aliyeacha kurudia ugali, anayekula na kundi jipya, anayeficha kipande cha nyama mfukoni siku ya Jumapili, wote anawajua. Wiki yako ya kwanza nenda jikoni, mwamkie shikamoo hata kama unamzidi elimu, ukae kwenye lile gogo usaidie kuchambua maharage. Usiende na kalamu na daftari, atanyamaza.