Usiweke mwaka wa kuzaliwa nyuma ya alama ya kidole

Usifanye hivyo. Umeandika kwamba umenunua simu mpya, kwamba utaifungua kwa kidole na kwa uso katika kila jambo, na kwamba namba ya siri utaweka mwaka wako wa kuzaliwa kwa kuwa haitatumika. Kisha unauliza lipi ni salama zaidi kati ya kidole na uso, programu ipi inafaa kutunzia maneno ya siri, na kama umsajili mwenzi wako naye aweze kuifungua. Nimeisoma sentensi ile ya mwaka wa kuzaliwa mara tatu na moyo ukanienda mbio, kwa sababu niliwahi kuisema mimi mwenyewe, karibu neno kwa neno, nayo ilinigharimu akiba ya miaka minne pamoja na picha zote za marehemu mama yangu.

Aliyeniuzia simu ndiye aliyenitia maneno hayo kinywani. Alinishika mkono, akanionyesha pa kubandika kidole, akasema, "Sasa kidole chako ndicho ufunguo, namba ni ya kutimiza masharti tu, weka yoyote usiyoweza kuisahau." Sina kinyongo na mtu asiyejua, lakini huyu alikuwa akiuza simu kila siku na kuziwasha mbele ya wateja kila siku, na kwa hiyo alikuwa akiona kila siku kwamba simu iliyozimwa ikawashwa upya haikubali kidole mpaka iandikiwe namba kwanza. Alijua, au alipaswa kujua, kwamba namba ndiyo msingi. Alichofanya ni kuniuzia wepesi akauita usalama, na bado hasira haijanitoka.

Alama ya kidole haiiondoi namba ya siri mahali pake, inakaa juu yake tu. Simu inaiomba namba kila inapowashwa upya, na inaiomba kidole kinapokataliwa mara kadhaa; kwenye iPhone ni mara tano, au zikipita saa 48 bila simu kufunguliwa. Zaidi ya hayo, mtu yeyote anaweza kukiruka kidole kwa hiari yake na kwenda moja kwa moja kwenye namba. Kwa hiyo simu yako ina milango miwili, na mwizi hana sababu ya kuhangaika na ule wenye kufuli zito.

Siku yenyewe mvua ilikuwa ikinyesha nami nilikuwa kwenye foleni ya basi. Nilikifuta kidole kwenye shati, nikakibandika, simu ikatetemeka na kukataa. Nikakifuta tena, ikakataa tena. Mwishowe iliacha kabisa kukiomba kidole, ikaniletea tarakimu kwenye kioo, nami nikaubonyeza mwaka wangu wa kuzaliwa kwa dole gumba, polepole, kioo kikiwa kimewaka mwanga wote, huku kijana aliyesimama nyuma ya bega langu la kushoto akitazama. Nilimwona. Hata nilimsogezea nafasi ili asilowane. Simu ilinyakuliwa nilipokuwa nikipanda ngazi ya basi.

Kilichoniumiza kuliko wizi wenyewe ni utulivu niliokuwa nao baada ya hapo. Nilijiambia kwamba hawezi kuifungua kwa kuwa hana kidole changu, na kwa imani hiyo sikuazima simu ya mtu kuipigia benki, sikukimbilia kompyuta, nilikwenda nyumbani kama mtu aliyepoteza mwavuli. Ilichukua karibu saa moja. Katika saa hiyo yeye aliandika namba nne, akaingia kwenye mipangilio na kusajili kidole chake mwenyewe, maana simu haikumwomba chochote zaidi ya namba ile ile. Kisha akaifungua programu ya benki. Programu iliomba kidole, naye akaweka chake. Baada ya hapo akabadilisha neno la siri la akaunti kuu ya simu, kwa namba ile ile, akaviondoa vifaa vyangu vingine, na nilipoketi mbele ya kompyuta yangu iliniambia kwamba neno la siri si sahihi.

Benki walinigeuzia kioo cha kompyuta nisome mwenyewe: muamala umeidhinishwa kwa alama ya kidole. Niliuliza, kidole cha nani? Mhudumu aliniangalia kama niliyeuliza swali la kitoto. Ukweli ni kwamba benki haikuwahi kukiona kidole chochote, si changu wala cha mwizi. Simu ndiyo inayolinganisha kidole na kiolezo, yaani mfano wa alama yako, kilichohifadhiwa ndani yake, halafu inaipa programu jibu la ndiyo au hapana. Mpangilio huo una faida kubwa, kwa sababu alama yako haisafiri kwenye intaneti, lakini una maana pia kwamba kidole chochote kilichosajiliwa kwenye simu ni kidole chako machoni pa programu. Programu zilizotengenezwa kwa uangalifu hujifunga mara kidole kipya kinaposajiliwa, zikadai neno lao la siri. Ya kwangu wakati ule haikufanya hivyo. Ijaribu ya kwako leo: sajili kidole cha pili, fungua programu ya benki, uone kama itashtuka.

Wapo watakaokuja hapa kukutisha kwa habari za vidole vya kughushi, na hawasemi uongo. Mwaka 2013, siku chache tu baada ya iPhone 5s kutoka, wataalamu wa Chaos Computer Club, chama cha wadukuzi wa Ujerumani, waliifungua kwa kidole bandia kilichotengenezwa kutokana na alama iliyoachwa kwenye kioo, na mwaka uliofuata mmoja wao, Jan Krissler, alionyesha alama ya kidole ya Ursula von der Leyen, aliyekuwa waziri wa ulinzi wa nchi hiyo, aliyoipata kutoka kwenye picha za kawaida. Mwaka 2015 serikali ya Marekani ilikiri kwamba alama za vidole za watu milioni 5.6 zilikuwa zimeibwa kutoka kwenye kumbukumbu za watumishi wake, na hao hawana vidole vingine vya kubadilisha. Neno la siri likivuja unaweka jingine jioni ile ile, lakini kidole unakiacha kwenye kila bilauri unayoshika. Hayo yote ni ya kweli, na hakuna hata moja lililonipata mimi. Kidole bandia kinahitaji kazi na muda, na kazi hiyo hufanywa kwa mtu anayewindwa. Mimi niliibiwa na macho mawili yaliyotazama tarakimu nne.

Piga hesabu uone. Apple wanasema uwezekano wa kidole cha mtu baki kufungua simu yenye Touch ID ni 1 kati ya 50,000, na uso kwa Face ID ni 1 kati ya 1,000,000, kwa hiyo swali lako la kidole na uso lina jibu la aina hiyo. Lakini tarakimu nne zote kwa pamoja zina mipangilio 10,000 tu, na ukichagua mwaka wa kuzaliwa umejifungia ndani ya miaka isiyofika mia moja, ambayo rafiki yako yeyote anayekutakia heri ya siku ya kuzaliwa anaijua. Unalinganisha kidole na uso kwa makini hivyo, halafu nyuma yao unaweka kitu ambacho kinabahatishika.

Na usidhani ni mkasa wangu peke yangu. Mwaka 2023 magazeti ya Marekani yaliandika sana kuhusu wezi wanaochungulia namba ya iPhone kwenye baa kabla ya kuinyakua simu yenyewe, na Januari 2024 Apple walileta kinga inayomtaka mtu aliye mbali na mahali alipozoea kuwa atambuliwe kwa uso au kidole, bila namba kukubaliwa, na asubiri saa nzima kabla ya kubadilisha neno la siri la akaunti. Ikiwa simu yako ina kinga hiyo, iwashe. Ingekuwapo siku ile, saa yangu moja ya kutembea kwa utulivu ingetosha.

Sikukatazi kidole. Mimi ninakitumia hadi leo, tena kwa moyo mweupe, kwa sababu kinaniepusha kuandika neno langu la siri mbele za watu, na hiyo ndiyo kazi yake hasa. Ninachokuomba ni mpangilio wa hatua. Kabla hujakigusa kitambuzi, ingia kwenye mipangilio, acha namba, chagua neno la siri la herufi na tarakimu, lisipungue herufi kumi, lisiwe unalotumia kwenye barua pepe wala benki, na lisiwe na tarehe ya mtu yeyote unayempenda. Ukiwa kwenye foleni na kidole kikakataliwa, irudishe simu mfukoni mpaka uwe mahali pasipo na mtu nyuma yako.

Ukishaliweka, zima simu, iwashe tena, nayo itakuomba neno hilo kabla ya kitu kingine chochote. Liandike. Izime tena, uliandike tena. Ukilipata mara tatu bila kukosea, kifute kidole chako kikauke, ndipo ukisajili.