Kilimanjaro oksijeni haiishi, kinachopungua ni msukumo wa kuiingiza kwenye damu

Mkuu, umeuliza kwa nini mtu akipanda Kilimanjaro anahema kama amekimbizwa, wakati shuleni tulifundishwa kwamba hewa ina oksijeni asilimia 21. Hiyo asilimia ni ya kweli hata pale kileleni Uhuru, mita 5,895. Naongoza wageni mlimani, na kauli ya "huko juu hakuna oksijeni" naisikia kila msimu. Inapotosha, tena inamfanya mgeni asione sababu ya kutembea polepole.

Ukivuta pumzi, kiwambo, yaani msuli ulio chini ya mapafu, kinashuka, kifua kinapanuka, hewa inaingia hadi kwenye vifuko vidogo mno vya mapafu, mamia ya mamilioni. Kila kifuko kimezungukwa na mishipa myembamba kiasi kwamba chembe nyekundu za damu hupita kwa kufuatana, moja nyuma ya nyingine. Pale hakuna pampu ya kuingiza oksijeni kwenye damu. Inapenya yenyewe, kutoka penye mgandamizo mkubwa kwenda penye mdogo. Dar es Salaam mgandamizo wa hewa ni kama milimita 760 za zebaki. Ndani ya vifuko oksijeni ina kama 100, na damu inayorudi kutoka mwilini ina 40 hivi. Tofauti hiyo ndiyo inayoivusha. Kabonidioksidi nayo hutoka kwa mtindo huohuo, kwa tofauti ndogo zaidi, kwa sababu yenyewe hupenya kirahisi.

Uhuru mgandamizo wote ni takriban nusu ya ule wa Dar. Msukumo umekuwa dhaifu, kwa hiyo oksijeni inavuka taratibu. Na chembe ya damu haina muda wa kusubiri: mtu akiwa ametulia, inapita kwenye mishipa ya mapafu kwa kama robo tatu ya sekunde tu. Ukikaza mwendo moyo unaenda mbio, muda huo unafupika, na damu inaondoka mapafuni kabla haijajaa. Wagumu, yaani wapagazi wa mlimani, wakikupita na mizigo kichwani huku wakikwambia "pole pole", wanakuambia jambo la maana sana.

Sasa himoglobini, protini iliyomo kwenye chembe nyekundu, ambayo ndiyo hubeba karibu oksijeni yote ya damu. Hii naipenda kuliko yote. Mgandamizo wa oksijeni ukishuka kutoka 100 hadi 60, himoglobini bado imeshika kama asilimia 90 ya mzigo wake. Ndiyo maana kambi ya Mandara, mita 2,720, wageni wanapiga soga na kula vizuri, wanadhani mlima ni mwepesi. Chini ya 60 mambo hubadilika, mzigo unaporomoka kwa kasi. Ukifika kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600, ukamwekea mtu kipimo cha kidoleni kinachoonyesha himoglobini imejaa oksijeni kwa asilimia ngapi, kusoma 80 na kitu ni kawaida. Huku chini namba hiyo ingempeleka mtu hospitali mbio.

Usiku kuna jambo huwatisha sana wanaolala hema moja. Mwenzako anahema haraka haraka, kisha kimya, sekunde kadhaa hakuna pumzi kabisa, halafu anavuta moja kubwa ya kushtuka. Chanzo ni kabonidioksidi. Kwa kawaida ubongo huamua kasi ya kupumua kwa kuangalia hiyo zaidi kuliko oksijeni. Juu mwili unahema sana kutafuta oksijeni, kabonidioksidi inatoka kupita kiasi, damu inapungua asidi, basi ubongo unasimamisha pumzi mpaka irundikane tena. Figo hurekebisha hali hiyo kwa kutoa bikaboneti, kemikali inayopunguza asidi, kwenye mkojo, ila zinahitaji siku kadhaa. Dawa ya Diamox huziharakisha figo kwenye kazi hiyo, ndiyo maana anayeitumia hukojoa sana. Kabla ya kuinunua muone daktari, maana si ya kila mtu. Kama una nafasi, chagua safari ya siku nyingi; kwa maoni yangu siku mbili za ziada zina thamani kuliko kifaa chochote utakachonunua.

Anayehema akipanda simhofii. Namhofia anayehema akiwa amekaa, anayekohoa na kifua kinakoroma kama kina maji. Huyo vifuko vyake vimeanza kujaa majimaji, oksijeni haipati pa kupenyea. Mtungi wa oksijeni unampa nafuu ya muda tu. Huyo tunamshusha saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane, kwa sababu kila mita anazoshuka zinamrudishia mgandamizo.