Gari linalia ukikata usukani: tafuta chanzo kabla hujanunua spea

Gari likianza kulia wakati wa kukata kona, wengi hukimbilia kuulizia bei ya stelingi raki, yaani mtambo unaogeuza matairi ukizungusha usukani. Raki ni spea ghali, na mara nyingi haina kosa lolote. Chuma kinasafirisha mlio: kitu kilichokauka juu ya shokapu unaweza kukisikia kana kwamba kiko chini ya miguu yako. Kwa hiyo usifungue chochote mpaka ujue kelele inatokea lini: gari likiwa limesimama, likiwa linatambaa, au likiwa kwenye mwendo.

Anza limesimama. Paki mahali tambarare, vuta hendibreki, washa injini, fungua boneti, kisha mtu azungushe usukani polepole kutoka kushoto mpaka kulia. Ukisikia "dung!" moja au mbili katikati ya mzunguko, kama springi iliyobanwa ikaachiwa, shuku mauntingi ya shokapu, yaani kikalio kinachoishika shokapu kwa juu kwenye bodi. Juu ya shokapu ya mbele kuna beringi inayoiruhusu springi izunguke pamoja na tairi. Vumbi na maji vikiingia, beringi inakauka, springi inagoma, inajikunja mpaka nguvu imezidi, ndipo inaruka. Weka kiganja kwa nje ya springi (vidole visiingie kati ya mizunguko yake) na utausikia mruko huo mkononi. Kama mlio ulianza baada ya kubadilisha shokapu, mauntingi inaweza kuwa nzima kabisa. Tazama ncha ya chini ya springi. Ikiwa imepanda juu ya ukingo badala ya kukaa kwenye kikao chake, italia vilevile. Hapohapo kagua mzunguko wa chini kabisa, maana springi nyingi hukatikia hapo.

Mngurumo mzito unaoongezeka usukani ukifika mwisho ni wa magari yenye pampu ya mafuta ya stelingi, inayolainisha usukani. Ukiushikilia usukani mwishoni kabisa, pampu yoyote itanguruma kidogo kwa sababu ya presha, na hiyo si hitilafu. Usiushikilie zaidi ya sekunde 5. Pampu inayonguruma hata usukani ukiwa katikati inavuta hewa. Fungua kikopo cha mafuta ya stelingi: ukikuta povu, au mafuta yako chini ya alama, kuna mahali panavuja, na kuongeza mafuta bila kutafuta panapovuja ni kununua wiki mbili. Soma kilichoandikwa kwenye kifuniko. Toyota nyingi hutumia ATF (mafuta ya gia otomatiki), lakini Honda zina mafuta yake, na ukiweka ATF humo sili zinaweza kuharibika. Kutoa hewa, nyanyua matairi ya mbele, injini ikiwa imezimwa, zungusha usukani mwisho hadi mwisho mara 15 hadi 20 huku unaongeza mafuta yanaposhuka. Washa injini povu likishaisha. Magari kama Vitz na IST mengi yana stelingi ya umeme. Humo hakuna mafuta ya kuongeza, fundi akikuambia yamepungua, ondoka.

Mlio mkali wa kupiga kelele ghafla unapokata usukani, kwenye gari lenye pampu, ni mkanda wa pampu unaoteleza.

Sasa tafuta uwanja mpana. Kata usukani mpaka mwisho, tembea mduara polepole, kisha kanyaga mafuta kidogo. "Ka-ka-ka-ka" inayokwenda haraka kadiri tairi linavyokwenda haraka ni jointi ya nje ya draivu shafti, chuma kinachopeleka nguvu kutoka gia boksi hadi tairi. Ndani yake kuna gololi zinazotembea kwenye mifereji, na kona kali huzipeleka mwisho wa mifereji, palipolika. Rudia upande wa pili, kisha chungulia nyuma ya rimu: ukikuta grisi nyeusi imerukia ndani ya rimu na shokapu, buti (mpira unaofunika jointi) limepasuka upande huo. Buti likiwa limepasuka lakini jointi bado kimya, una bahati: ifumuliwe, ioshwe, mchanga wote utoke, iwekwe pakiti nzima ya grisi inayokuja na buti jipya. Usikubali grisi ya beringi. Jointi ikishaanza kugonga, grisi mpya huificha siku chache tu. Hiyo ni ya kubadilisha.

Hapa niseme jambo linalopuuzwa. Magari mengi madogo hunyanyuliwa kwa spesa (vipande vinavyowekwa kwenye shokapu au springi) ili yasisugue matuta na rafu rodi. Sababu inaeleweka, lakini kila sentimita inayoongezwa inazidisha pembe ya draivu shafti, na buti huchanika mapema. Ukinyanyua gari, kagua mabuti kila unapobadilisha oili.

Kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa na zaidi, sikiliza uvumaji unaobadilika unapoyumbisha usukani kidogo. Ukielekea kushoto, uzito unahamia kulia. Uvumaji ukizidi, beringi ya tairi la kulia ndiyo ya kwanza kushukiwa. Kabla ya kulipa, hakikisha si jiwe lililokwama kati ya diski na bati la nyuma yake. Jiwe linakwaruza, halivumi.

Nimeacha mwisho mlio wa kukwaruza chini kama mlango mkavu, kwa sababu huo ndio wa hatari zaidi. Ni boli jointi iliyokosa grisi, yaani kiungo cha duara kinachoshikilia tairi kwenye mkono wa chini. Nyanyua tairi, weka stendi, wala usitegemee jeki peke yake. Shika tairi juu na chini, litikise. Likicheza, mtu akanyage breki, tikisa tena: mchezo ukiisha ni beringi ya tairi, ukibaki ni boli jointi. Ukishika kushoto na kulia likacheza, angalia tairodi au raki endi, vyuma vinavyounganisha raki na tairi. Boli jointi ikilika kupita kiasi, kichwa chake huchomoka, tairi linalala chini ya gari ukiwa barabarani. Gari la namna hiyo halipelekwi gereji kwa kuendeshwa. Fundi aje lilipo, na baada ya kubadilisha boli jointi au tairodi lipelekwe alaimenti (kunyooshwa matairi) siku hiyohiyo.