Majeruhi wa mafuriko wamefika: nianze na ushauri nasaha?

SWALI: Niko mafunzoni katika idara ya ustawi wa jamii, hospitali moja hapa Mombasa. Mvua kama za Novemba 2023 zikirudi na majeruhi wakaletwa kwa mkupuo, nianze na nini? Msimamizi wangu asema tuwakalishe wasimulie yaliyowapata ili mioyo itue. (Msomaji, Likoni)

JIBU: Dada, anza na daftari la kuwaandikisha majeruhi. Kumkalisha mtu aliyetoka kuopolewa majini asimulie yote, Shirika la Afya Duniani halipendekezi. Mwongozo wake wa 2011 wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia una maneno matatu: tazama, sikiliza, unganisha (yaani mkutanishe na jamaa zake na huduma anazohitaji). Akitaka kusema, msikilize. Asipotaka, mtafutie chai na leso kavu.

Jina pekee halitoshi. Wodi moja yaweza kuwa na kina Fatuma Ali watatu. Andika jina la baba na la babu, jina la mtaani, nguo alizofika nazo, kovu, aliyemleta na alikookotwa. Asiyejitambua mpe nambari, imfuate kila aendako, hata mochwari. Jamaa wa Kiislamu watataka kuzika upesi, na ni haki yao, ila uso uliokaa majini hudanganya. Alama za vidole zichukuliwe kabla maiti haijatolewa.

Orodha usiibandike ukutani. Langoni awepo mmoja wa kuwajibu watu, mwenye sauti ya upole (askari wa zamu simtaki hapo).

Mtoto aliye peke yake ndiye wa kukukosesha usingizi. Usimkabidhi mtu eti kwa kuwa analia na analijua jina lake. Kabla hajamwona, akueleze: mtoto ana alama gani, nduguze ni nani, alilala wapi jana. Kisha muulize mtoto kando, ulinganishe. Mpigie afisa wa watoto wa serikali, au 116, nambari ya msaada kwa watoto, bila malipo. Ndugu wa tumbo moja wasitenganishwe, na wala usikimbilie kuwapeleka makao ya watoto kabla jamaa hawajatafutwa. Msalaba Mwekundu, nambari 1199, hufanya kazi hiyo.

Fomu ya msamaha wa bili ijaze mapema, usingoje siku ya kuruhusiwa. Na kabla hujamruhusu yeyote, muulize atalala wapi usiku huo.

Msimamizi wako mwambie kwa adabu kwamba ushauri nasaha una wakati wake: atakayekuwa bado hapati usingizi wala hali chakula baada ya mwezi, huyo mpeleke kliniki ya afya ya akili.