Utajuaje kama mbinu yako mpya inawafaa wanachuo?

Mwalimu mwenzangu, umeuliza utajuaje kama majadiliano ya vikundi yanawasaidia wanachuo wako kuliko mhadhara, maana fomu za tathmini za mwisho wa muhula hazikuambii kitu. Usizisubiri. Anza na swali moja dogo: ni dhana gani wanaikosea kila mwaka? Wape jaribio fupi kabla ya mada, kisha lilelile baada yake. Kila kipindi kikiisha, waandike kwa dakika moja jambo ambalo bado halijawaelea. Karatasi hizo ndizo zilizonifumbua macho mimi. Mwalike pia mwenzako akae nyuma awaangalie wanafunzi, asikuangalie wewe. Ukikusudia kuchapisha matokeo, omba kwanza kibali cha maadili ya utafiti na ridhaa ya wanafunzi wenyewe.