Jibu: Faili lipo, ila Python inasema halipo
Ndugu, faili lako "Désiré.pdf" ulilohamisha kutoka Mac ya zamani kwenda Linux halijapotea. Katika Unicode, yaani mfumo unaoipa kila herufi namba yake, é huandikwa kwa namna mbili: herufi moja, U+00E9, au e ya kawaida ikifuatwa na alama U+0301. Kwa macho hutaona tofauti, lakini kwa UTF-8, njia ya kuhifadhi herufi hizo kama baiti, ya kwanza ni baiti 2 na ya pili ni 3, na Linux hulinganisha baiti tu.

Jaribu print(ascii(jina)) kwa kila jina linalotolewa na os.listdir, yaani orodha ya faili zilizo kwenye folda. Ukiona e\u0301 badala ya \xe9, basi jina kwenye diski limeandikwa kwa namna ya pili.

Pitisha jina unalotafuta na yale ya os.listdir kwenye unicodedata.normalize("NFC", jina), inayogeuza yote kuwa namna ya kwanza, ndipo ulinganishe, kisha fungua faili kwa jina lilivyo kwenye diski. Mtu akikushauri ufute alama za juu ya e, usikubali. Hilo ni jina la mtu.