Mkuu, usifungue kichwa cha injini kabla hujapima tapeti

Mkuu, weka spana chini kwanza. Nimesoma ulichoandika mara mbili na roho imeniuma, maana ni yaleyale yaliyonikuta mimi mwaka juzi. Skuta ya 125, asubuhi inawaka bila shida, ukikaa kwenye foleni inazima, unaisukuma pembeni, nusu saa ikipoa inawaka tena kama haijawahi kuumwa. Fundi kakwambia ringi za pistoni zimekwisha, na wewe Jumamosi unataka kushusha kichwa cha injini hapo nyumbani. Hiyo kazi iahirishe, pima kwanza tapeti, yaani ile nafasi ndogo kati ya mkia wa valvu na roka, kimkono kinachoisukuma ifunguke.

Huyo fundi alipima nini? Alishika fila, vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi? Alichomoa hata plagi? Au alisimama mikono kiunoni, akakwambia piga kiki, akasikiliza sekunde tano, akatoa hukumu? Wangu alifanya hivyo. Hakuinama hata mara moja. Nikamwamini kwa sababu ana kijiwe kikubwa, ana vijana watatu na bodaboda zimepanga foleni mbele yake. Bodaboda anazijua, sikatai. Skuta hakuijua, na kusema "sijui" kulimshinda. Hilo mpaka leo sijamsamehe.

Ringi zikiisha injini huwa inakuonyesha. Inatoa moshi wa bluu, inakula oili, ukichomoa plagi unaikuta imelowa oili. Yangu haikuwa na moshi hata chembe, na oili ilikuwa haipungui. Ushahidi wote ulikuwa mbele ya macho yangu. Nikauacha, nikapanda daladala kwenda Kariakoo kununua bloku, pistoni na ringi. Na wewe hujaandika popote kwamba yako inatoa moshi. Inatoa?

Basi, Jumamosi nikakaa kibarazani kwangu Tabata, beseni la plastiki pembeni la kuwekea boliti. Nikashusha kichwa, nikavuta bloku. Ukuta wa ndani ulikuwa unang'aa, hauna mchubuko hata mmoja. Nikapitisha ukucha juu mpaka chini, haukukwama popote. Hapo ndipo nilipotakiwa kusimama na kurudisha kila kitu. Lakini pesa nilishatoa, pistoni mpya iko kwenye boksi, nikasema ngoja nimalizie.

Sasa sikiliza hapa kwa makini. Pini ya pistoni inashikwa na viklipu viwili vya waya wa chuma, kimoja kila upande, kila kimoja kidogo kuliko shilingi mia. Unakitoa kwa koleo la mdomo mwembamba. Cha kwanza kilitoka vizuri. Cha pili nilikibana, kikachomoka, kikaruka, nikasikia "tik" kwenye chuma. Nikatazama sakafuni, nikatazama kwenye beseni, nikakung'uta nguo. Halafu nikatazama lile shimo kubwa chini ya pistoni, pale bloku ilipokuwa imekaa. Lilikuwa wazi. Sikuwa nimeliziba kwa kitambaa. Klipu ilikuwa imeingia kwenye tumbo la injini.

Nilikaa masaa mawili na sumaku niliyoivunja kwenye spika ya redio mbovu, nimeifunga uzi, naitumbukiza kama mvuvi. Hakikutoka. Na injini huwezi kuizungusha kikiwa mle, kinaweza kukwaruza chochote kinachozunguka. Msinicheke, maana nina hakika humu ndani tuko wengi. Ikabidi injini ishushwe yote, itenganishwe vipande viwili. Klipu ikakutwa imelala pembeni ya mkono wa pistoni, nzima kabisa. Kutenganisha, beringi mpya kwa sababu za zamani ziliumia wakati wa kuzichomoa, gasketi zote, oili, pamoja na ile bloku na pistoni ambazo hazikuhitajika: jumla laki tatu na themanini elfu. Siku kumi na tisa nagombania daladala za Segerea saa kumi na moja alfajiri.

Ikafungwa, ikawaka. Siku ya kwanza kazini, nikafika Buguruni kwenye foleni, ikazima. Vilevile.

Nilikaa juu ya ile skuta honi zinanipigia nyuma, nashindwa hata kuteremka.

Aliyeimaliza ni mzee mmoja wa Ilala mwenye boksi moja la spana na kiti cha plastiki. Nimemfikishia naisukuma, nikamwamkia, nikaanza kumwelezea habari ya ringi. Hakunijibu. Akagusa injini kwa kiganja, akasema, "Mwanangu, hii ya moto. Tapeti haipimwi kwa moto. Iache, uje kesho asubuhi." Nilifikiri ananipiga chenga. Kesho yake akafungua boliti nne za kifuniko, akaingiza fila ya milimita 0.05 kwenye valvu ya kutolea moshi. Haikuingia. Kitabu cha injini ile kinataka 0.10. Robo saa akawa amemaliza, na toka siku hiyo haijazima njiani kwa ugonjwa huo.

Sisi wengi tunajua tapeti kwa kelele, ikigonga tak tak ndiyo mbovu. Kwenye injini hizi ogopa ikinyamaza. Valvu inavyopiga kwenye kiti chake miaka na miaka, kiti kinalika, valvu inazama ndani ya kichwa, na mkia wake unapanda juu kuelekea roka. Nafasi inapungua badala ya kuongezeka. Injini ikiwa baridi bado inabaki nywele moja, valvu inafunga, inawaka vizuri. Ikipata moto chuma kinarefuka, nafasi inakwisha, roka inaishikilia valvu isifunge vizuri. Kompresheni, yaani mgandamizo wa ndani ya silinda, inavujia hapo, injini inazima. Ikipoa, valvu inarudi. Huo ndio ugonjwa wako ulivyoueleza. Na kule nyumbani kwangu nilibadilisha kila kitu isipokuwa kile kinachosumbua, kwa sababu roka zilirudi na skrubu zake zilezile kama zilivyotoka.

Kwa hiyo Jumamosi fanya hivi, tena asubuhi kabla hujaiwasha. Chomoa plagi ili injini izunguke kirahisi. Fungua kifuniko cha valvu. Zungusha kwa nati ya flaiwili, lile gurudumu zito la upande wa feni, kuelekea inakozunguka kawaida, mpaka herufi T kwenye flaiwili ikae mkabala na alama ya kwenye injini. Kama yako ni GY6, na skuta nyingi za Kichina ni hizo, tazama gia ya kamshafti, shafti inayosukuma roka: tundu kubwa linatakiwa liwe juu, yale madogo mawili yawe sambamba na uso wa kichwa. Shika roka zote mbili kwa vidole, zinatakiwa zicheze kidogo. Kama gia haijakaa hivyo, au roka moja imekandamizwa, uko kwenye mzunguko usio wake, zungusha duru moja nzima tena. Ila kama alama zote ziko sawa na roka bado ni ngumu, basi huyo ndiye mwizi wako.

Fila ya 0.10 inatakiwa ipite kati ya roka na mkia wa valvu huku ikikwaruza kidogo, kama unavuta noti iliyobanwa na kitabu. Ikigoma, legeza nati ndogo, rudisha skrubu, kaza tena. Ukishakaza pima upya, maana nati inapokazwa huwa inaiburuza skrubu. Mimi hurudia mara tatu. Angalia kitabu cha modeli yako pia, usichukue ya kwangu kama msahafu.

Tapeti zikiwa sawa na bado inazima, hapohapo barabarani ilipozima fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia inavuta hewa "fyuu" halafu inawaka, tundu la kupumulia limeziba vumbi. Kama siyo, chomoa plagi ikiwa bado ya moto, igusishe kwenye chuma mbali na tundu lake, piga kiki uone cheche. Cheche ikipotea kwa moto ikarudi kwa baridi, tafuta koili au CDI, vile vifaa vya umeme vinavyotengeneza cheche. Vyote hivyo havihitaji kugusa kichwa cha injini.

Na zile plastiki zinazozunguka bloku, yeyote asikuambie uzitupe. Yule fundi wangu wa kwanza alitaka kuziacha nje, eti zinazuia upepo. Injini ya bodaboda iko mbele, inapigwa upepo wa barabarani. Ya skuta imefichwa chini ya kiti, feni ndiyo inayoisukumia hewa, na plastiki ndizo zinazoielekeza hewa hiyo kwenye bloku. Ukizitoa, feni inapuliza hovyo na injini inachemka kwenye foleni ya kwanza tu ya Barabara ya Mandela.

Fila inauzwa bei ndogo kuliko gasketi zote utakazochana. Nunua leo. Jumamosi ukishapima, rudi uandike hapa namba mbili ulizokuta, ya kuingizia na ya kutolea moshi, kabla hujagusa boliti nyingine yoyote. Nitakuwa nasubiri.